Pumzi Si Pumziko

Mgeni rasmi, meneja wa mchezo ambao umetumalizia betri za simu na chaji za roho, maofisa mlioandamana naye, majirani zetu, na nyinyi watoto mliopanda dirishani, shukeni kwanza:

UKARIBISHO

Karibu katika chumba cha nyuma cha duka la kuchapa. Feni imekufa, kwa hiyo tutasoma haraka. Ofisi yako ilituomba risala ya kushukuru kwa toleo jipya la mchezo, ikatuletea na mfano wa kufuata. Mfano tumeusoma. Asante kwa kuja. Shukrani zimeishia hapo, tuendelee.

HISTORIA YETU

Sisi ni watu wazima wenye kazi zetu, na kwa pamoja tunaendesha timu moja ya mpira wa kikapu mtandaoni. Kwa jirani asiyeujua mchezo huu: hakuna anayerusha mpira kwa kidole. Unachagua wachezaji, unawapangia mazoezi ya wiki, halafu mechi inajichezea yenyewe, nawe unaitazama ukiuma kucha. Kila mwanachama ana idara yake. Usajili ni wa fundi friji. Idara ya pumzi ilikuwa ya mwalimu wa baiolojia wa shule ya hapa nyuma, ambaye ni mke wa kaka yake fundi friji.

Idara hiyo haikuwa na heshima mwanzoni. Fundi friji alitaka mazoezi yote yawe ya kutupa mpira kikapuni.

"Shemeji, kikapu hakifungwi kwa mapafu," alimwambia mwalimu mbele yetu.

"Na huo mkono unaotupa unalishwa na nini, shemeji? Gesi ya friji?"

Tulipiga kura tukiwa bado tunacheka. Mwalimu akashinda.

MAFANIKIO

Katika mchezo wako, mgeni rasmi, pumzi ni mali isiyoonekana. Ukiiacha inapungua yenyewe, na kuirudisha ni kazi ya polepole. Timu nyingi hazina subira nayo. Zinanunua warefu na watupaji hodari, zinaongoza robo tatu za mechi, halafu robo ya nne miguu inakuwa ya uji. Mtupaji hodari anampasia adui. Anakosa hata mtupo wa bure, peke yake, hakuna anayemkaba.

Hapo ndipo sisi tulipokuwa tunaanza. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, mwalimu alifungua simu kwenye chumba cha walimu, akaangalia nani amechoka, nani apumzishwe, nani akimbizwe. Wachezaji wetu hawakuwa na majina makubwa, lakini walimaliza mechi wakiwa wamesimama. Tukapanda daraja hadi la juu kabisa, na klabu tukaiita Robo ya Nne. Fundi friji ndiye aliyependekeza jina.

CHANGAMOTO

Halafu mkatuletea toleo jipya.

Mgeni rasmi, Kiswahili cha mchezo wako hakijawahi kuwa kizima. Benchi mliliita "kiti kirefu." Mchezaji wa kati mkamwita "mtu wa wastani." Tulicheka, tukakisia, tukacheza. Tulikuwa tumezoea kuwaelewa kuliko mnavyojielewa.

Katika toleo jipya, neno Pumzi halikuwepo. Kwenye orodha ya mazoezi, mahali pale pale, na picha ile ile ya mapafu, palikuwa na neno Pumziko. Mwalimu akasema, "Wamekosea herufi tena hawa. Maana yake tunaijua." Na sisi sote tukakubali. Akawaweka wachezaji kwenye Pumziko, msimu mzima.

Kumbe mlimaanisha hivyo hivyo. Pumziko lilikuwa pumziko. Wachezaji walikuwa wamelala. Na ile pumzi yenyewe mliihamishia kwenye ukurasa wa tabia, mkaiita Ustahimilivu, mkaficha na kipimo chake. Sasa nani, mtu mzima mwenye akili zake, akiona "ustahimilivu" chini ya tabia atafikiri ni mbio? Sisi tulifikiri ni dawa ya hasira. Tulimpeleka huko mchezaji mmoja tu, tunayemwita Kisirani, kwa sababu ya makosa yake ya kusukuma watu.

Tukaanza kufungwa. Robo ya nne, robo yetu wenyewe, vijana wakawa wanatembea. Kisirani peke yake alikuwa anakimbia kama kachomwa sindano. Tulishuka daraja kabla mwalimu hajajiuliza kwa nini mkorofi ndiye mwenye mapafu. Alipogundua, aliweka simu kifudifudi mezani.

Akawaandikia. Mlimjibu kwamba lugha ya mchezo ni chaguo la mtumiaji. Akaandika tena. Kimya.

Kisha wewe mwenyewe, mgeni rasmi, ukaenda redioni kusifia toleo jipya. Mtangazaji akakuuliza kuhusu malalamiko, nawe ukasema, sauti yako tunayo kwenye simu zetu: "Kuna mwalimu mmoja kawalaza wachezaji wake msimu mzima, sasa anatulaumu sisi. Mama huyo anapenda usingizi." Mkacheka wote wawili. Mtaa huu hauna mwalimu mwingine anayecheza mchezo wako.

Wewe ulitoka studio ukaenda zako. Yeye asubuhi yake aliingia darasani. Alipogeuka kuandika ubaoni, darasa zima likaanza kukoroma. Akatoka, akarudi, wakakoroma tena. Kwenye chumba cha walimu wenzake wanamuuliza, "Mwalimu, leo tumekuamsha?" Anajibu kwa kucheka, ndivyo alivyo. Lakini mume wake ametuambia kwamba mwalimu amekwisha kuandika barua ya kuomba uhamisho. Mwanamke aliyefundisha nusu ya watu waliomo humu jinsi damu inavyobeba hewa, anakimbia shule yake kwa sababu ya neno mlilolikosea nyinyi!

Tuna hasira, mgeni rasmi. Tumejaribu kuliandika hilo kwa adabu zaidi, ikashindikana.

MAOMBI

Hatuombi pointi. Hatuombi kurudishwa daraja la juu. Kushuka tumeshuka, kupanda njia tunaijua. Zile fulana mlizoleta pia mrudi nazo.

Rudisheni neno Pumzi mahali pake. Mkikosa wa kuwasaidia, humu ndani hakuna asiyejua Kiswahili.

Rudi redioni, kipindi kile kile, saa ile ile wanafunzi wakiwa wamefika nyumbani, useme kosa lilikuwa la nani.

Lakini kabla ya redio kuna jambo dogo la leo. Mwalimu yumo humu. Kakataa kiti cha mbele. Kakaa mstari wa mwisho karibu na mlango, mkoba mapajani, na tangu tuanze kusoma ameshashika mkono wa mlango mara mbili. Barua yake ya uhamisho bado haijapelekwa. Tukimaliza kusoma, usije hapa mbele kutuhutubia. Tumekuachia njia katikati ya viti. Nenda kule nyuma, umwambie yeye, kwa sauti ambayo hawa watoto wa dirishani wataisikia. Ndio hao wanaokoroma.

Mungu akujalie pumzi ya kutosha kufika kwenye ule mstari wa mwisho. Na pumziko asikupe mapema, bado una kazi.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Robo ya Nne.