Mzee Jackton Obuya na Swali la Mlangoni mwa Seli

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, Mzee Jackton Obuya atafunga droo yake kwa mara ya mwisho katika ofisi ya Kiilu na Wenzake, Mawakili, hapa katikati ya jiji. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja nasi, mingi kati yake akiwa karani wetu wa kesi. Nimepewa heshima ya kumwandikia wasifu huu katika jarida la ofisi. Ninauandika nikiwa na furaha ya bibi harusi wa wiki kumi, na pia nikiwa na hofu. Zote mbili zinamhusu yeye.

Mzee alizaliwa Bondo, akaja Nairobi mwaka wa 1989 na kubeba mawe kwenye majengo ya Upper Hill. Mwaka wa 1994 marehemu Wakili Kiilu alimwajiri kupeleka barua. Baada ya miaka miwili alikuwa anajua kila dirisha la masjala, na kila karani wa mahakama alikuwa anamwita mkwe, ingawa hajawahi kumwoza yeyote. Wengi wenu mnakumbuka asubuhi ile joho la Bi Hannah Kiilu, binti wa marehemu, lilipotoka kwenye begi likiwa limekunjamana, na stima imepotea. Mzee alilipiga pasi kwa chupa ya chai moto, akiiviringisha juu ya meza polepole. Bi Hannah alishinda kesi, na chai ikanywewa.

Lakini kazi yake kubwa haifanyiki ofisini. Kila Jumatatu, kabla ya korti kuanza, yeye husimama kwenye korido iliyo nje ya seli za mahakama. Jumatatu ndiyo siku ya waliokamatwa wikendi, na wengi wao wameshtakiwa kuendesha gari wakiwa wamelewa. Hutoka pale mashati yamekunjamana, macho mekundu, na kila mtu anawashauri jambo moja: kubali, lipa faini, uende nyumbani. Mzee huwauliza swali moja tu: "Umeonyeshwa karatasi?" Kisha huwaeleza taratibu kwamba wana haki ya kunyamaza, ya kuongea na wakili, ya kuelezwa shtaka kwa lugha wanayoielewa, ya kuomba dhamana, na ya kuona mapema ushahidi ulio juu yao. Karani si wakili, na yeye ndiye huwa wa kwanza kuwaambia hivyo. Asemalo huliacha hapo, na wakihitaji wakili huwaonyesha.

Nilikuwa nimelisikia swali hilo likisimuliwa ofisini miaka minne nikiwa kwenye meza ya mapokezi. Sikuwahi kulifikiria mpaka Jumamosi tarehe 9 Agosti.

Siku hiyo ilikuwa ngurario yetu, yaani harusi ya kimila, nyumbani kwa wazazi wangu Waithaka. Mume wangu (bado naliandika neno hili polepole ili nilifaidi) ni Lenox, dereva wa ambulansi katika hospitali moja ya Upper Hill. Lenox hanywi pombe. Lakini kwetu bwana harusi akikata bega la mbuzi hupewa pembe ya muratina, na akiikataa wazee husema amemkataa msichana. Baba yangu mdogo, Macharia, ndiye aliyeshika pembe. Lenox wangu aliniangalia, akatabasamu, akanywa funda moja. Baba Macharia alikuwa amefurahi kupita kiasi, akammwagia nyingine shatini wakikumbatiana.

Saa mbili kasoro jioni Lenox alisimamishwa kwenye barabara ya Waiyaki, karibu na Mountain View, akaingizwa kwenye foleni ya madereva wengine wa kupuliza alkoblo, kile kipima pombe. Saa tatu alinipigia simu. Alisema, "Ciru, nimeshikwa. Wanasema nimelewa," halafu simu ikakatika. Nilibaki nimeishika, mikono bado inanuka mafuta ya mbuzi. Harusi ya kanisani ilikuwa imebaki wiki mbili. Na dereva wa ambulansi akipatikana na hatia ya ulevi barabarani, hakuna hospitali itakayompa ufunguo tena.

Jumapili Mzee Jackton alikuja kituoni moja kwa moja kutoka kanisani, kitabu cha nyimbo kwapani. Aliomba namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Aliomba dhamana. Afisa wa zamu akamwambia, "Mzee, mkubwa hayuko. Kesho mtaelewana na hakimu." Mzee alishukuru kwa adabu, akaandika saa na jina la afisa nyuma ya ratiba ya ibada. Mimi nililia kwenye gari. Nilitaka apige kelele. Alichoniambia ni, "Nyar Waithaka, tukipiga kelele leo, kesho tutakuwa hatuna sauti." Nyar Waithaka, yaani binti wa Waithaka, ndilo jina alilonipa tangu siku yangu ya kwanza kazini.

Jumatatu ile sitaisahau. Watu walikuwa zaidi ya arobaini. Walisimama kizimbani mmoja mmoja, wakasomewa, wakasema ndiyo, wakashuka. Ndiyo. Ndiyo. Kila mmoja hakuchukua hata dakika mbili. Askari wa mlangoni alikuwa amesikia habari zetu, akasema kwa sauti, "Leo tuna bwana harusi! Ameoa chupa kwanza, bibi atafuata." Watu wakacheka. Baba Macharia alikuwa amenishika mkono akininong'onezea, "Mimi nimezaliwa Nairobi hii. Hawa hawashindwi, mama. Mwambie akubali, alipe, tukafanye harusi."

Lenox alipopitishwa kwenye korido nilipata nafasi ya kumsogelea. Midomo yake ilikuwa imekauka. Akaniambia, "Nitakubali, Ciru. Nataka kuwa kanisani tarehe ishirini na tatu. Kazi nitatafuta nyingine."

Naona aibu kuandika haya, lakini jarida hili ni la watu wa kwetu. Mimi, ninayefanya kazi katika ofisi ya mawakili, nilimwambia akubali. Niliogopa sana. Nilimwona akirudishwa kwenye mlango ule wa chuma, nikaona afadhali mume asiye na kazi kuliko kanisa lisilo na mume.

Mzee alikuwa amesimama pale pale, na alinisikia. Hakunigombeza. Alimgeukia Lenox akamuuliza, "Umeonyeshwa karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Ile mashine iliyotoa. Yenye kipimo chako."

"Hapana, mzee. Niliambiwa tu namba."

"Sasa unakubali nini?"

Jina la Lenox likaitwa. Shtaka likasomwa. Lenox aliutazama mlango wa chuma, kisha akamtazama Mzee. Halafu nikasikia sauti yake, ndogo sana, "Si kweli, mheshimiwa." Baba Macharia akashika kichwa. Bi Hannah akasimama, akaomba dhamana, ikatolewa, na akaomba tupewe ushahidi wote kabla ya kesi kusikilizwa.

Tulifunga ndoa tarehe 23, kesi ikiwa bado juu yetu. Nilivaa gauni zuri kuliko yote niliyowahi kuona, na Lenox alikuwa mzuri hata nikashindwa kumtazama. Lakini kila gari lililoingia kwenye uwanja wa kanisa lilinifanya nishtuke. Hospitali ilikuwa imemsimamisha kazi. Usiku alikuwa akiamka, akikaa ukingoni mwa kitanda, akiuliza kama funda moja linaweza kweli kumlewesha mtu bila yeye kujua.

Karatasi ililetwa mwanzoni mwa Septemba. Mzee aliisoma mara mbili akiwa amevaa miwani, kisha akaniita niilete simu yangu. Kipimo kilikuwa kimechukuliwa saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Kwenye simu yangu kulikuwa na picha iliyopigwa saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili, siku ile ile: Lenox akiwa kwetu Waithaka, kisu mkononi, anakata bega la mbuzi, na pembe bado haijafika mdomoni. Pumzi iliyokuwa kwenye karatasi ile ilikuwa ya mtu mwingine. Karatasi zilikuwa zimechanganywa. Tarehe 16 Septemba upande wa mashtaka uliondoa kesi. Lenox amerudi kwenye ambulansi yake.

Tulimpelekea Mzee keki. Aliipokea, halafu akamkalisha chini Baba Macharia aliyekuwa amekuja kushukuru. "Kaka," akamwambia, "ile karatasi ingekuwa yake, ningemwambia hivyo hivyo aisome, na huenda angefungwa. Dereva hanyweshwi. Pembe mpe asiye na ufunguo."

Hapo ndipo alipotuambia habari za mdogo wake, Isaiah. Miaka ya nyuma Isaiah aligongwa Kangemi na dereva aliyekuwa amelewa, akapoteza mguu. Kesho yake, familia ikiwa bado hospitalini, dereva yule alisema ndiyo, akalipa faini, akaenda. Mpaka leo hawajui alikuwa anatoka wapi, wala alikuwa amekunywa kiasi gani, wala kama alimwona Isaiah kabla ya kumgonga. Mzee alisema, "Ile ndiyo ya haraka ilitunyima kila kitu." Nilimtazama nikiogopa upya. Miaka yote hii amesimama mlangoni pale akiwasaidia watu wanaoshtakiwa kwa kosa lililomkata ndugu yake mguu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Kuanzia Jumatatu ijayo, kazi ya korido ni yangu. Bi Hannah ameamua, na Mzee ndiye aliyenipendekeza, hata baada ya kunisikia nikisema nililosema. Nimemwambia naogopa. Amesema ni vizuri kuogopa, aliyezoea pale hana faida.

Jumatatu iliyopita tulikwenda wote. Alitoka mama mmoja mwenye duka Kangemi, anaitwa Peres, viatu mkononi, anarudia kwamba atakubali tu aende kwa watoto. Nilimtazama Mzee. Aliweka mikono nyuma, akaangalia ukuta. Nikamsogelea yule mama, nikauliza, "Mama, umeonyeshwa karatasi?"

Peres aliviweka viatu chini. Akasema, "Hapana."

Nilipogeuka, Mzee alikuwa ameshashuka ngazi kwenda kunywa chai.

Mzee Jackton, asante kwa Lenox wangu, na asante kwa wote walioenda nyumbani bila kujua jina lako. Nenda Bondo ukakae na Isaiah, na Mungu akupe Jumatatu nyingi za kulala mpaka jua lipande.