Siki ya Fundi Bomba

Kwenye basi, mbele yangu, alikaa fundi bomba mwenye begi la nguo mapajani na chupa ya siki mkononi. Alikuwa akimweleza mama aliyekaa naye kwamba valvu ya moyo wake imeganda chokaa, haifunguki vizuri, na akipanda ngazi anaona kizunguzungu.

"Leo daktari anataka kuibadilisha, aniwekee ya ng'ombe! Nyumbani wamenifungia nguo za kulazwa, lakini nimekataa, hospitali naipita tu. Nakunywa siki. Birika langu lilitakata kwa siki."

"Kwani wewe ni birika, kaka?" Mama alicheka mpaka kilemba kikamlegea, mimi nikajifanya nakohoa. "Mume wangu anayo ya ng'ombe tangu mwaka juzi, na bado hajaanza kula majani. Hebu niambie, valvu ya bomba la mteja ikiganda chokaa, unafanyaje?"

"Naing'oa, naweka mpya."

"Humwambii amimine siki kwenye sinki la jikoni?"

"Siki ya sinki itafikaje kwenye valvu?" fundi aling'aka. Kisha akaitazama chupa yake.

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mama akalinyakua lile begi, akashuka nalo.

"We mama, nguo zangu!" Fundi akamfuata akihema, siki akaisahau kitini.