Editha Sumagaysay, Aliyetaka Kubaki na Watoto Wake

Marehemu Editha Sumagaysay Palomar, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Ditha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Dumangas, mkoa wa Iloilo, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Anselmo Sumagaysay na Bi. Perpetua. Alizaliwa msimu wa kuvuna mpunga, na mama yake husema uchungu ulimshika akiwa bado na mundu mkononi.

Alisoma shule ya msingi palepale kijijini, kisha sekondari hadi mwaka wa 2000. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini hakuna mwalimu aliyemsahau. Siku moja alichelewa, mwalimu akamsimamisha mbele ya wenzake amweleze sababu.

"Mwalimu, nyati wetu wa kulimia amekataa kuamka."

"Na wewe nyati anakuhusu nini?"

"Kamba yake baba alinifunga mimi mkononi, Mwalimu, ili asiibiwe. Asipoamka yeye, na mimi siamki."

Alitamani kusomea ukunga. Baba yake alipofariki mwaka wa 2001, matumaini hayo yaliishia hapo. Ditha alikwenda mjini kuosha vyombo katika kibanda cha supu ya tambi iitwayo batchoy, soko la La Paz, na baada ya miaka miwili yeye ndiye aliyekuwa akisimama kwenye sufuria. Wateja walipenda tambi zake, na wengine walifuata mdomo wake. Seremala mmoja alilalamika kwamba supu ina chumvi nyingi. Ditha akamtazama usoni.

"Manong, kaka yangu, hiyo si chumvi yangu. Ni machozi yako tangu yule msichana akukimbie."

Soko zima lilicheka. Seremala akacheka pia, na kesho yake akarudi, na keshokutwa. Jina lake Rodrigo Palomar. Walifunga ndoa takatifu tarehe 22 Mei 2004, wakajaliwa watoto watatu: Liezel, Marivic na Anselmo mdogo.

Alipomzaa Anselmo, mwaka wa 2016, Ditha alipatwa na kifafa cha mimba. Presha ilipanda, akapoteza fahamu, Rodrigo akaitiwa padre kabla hajaonyeshwa mtoto. Alipopata nafuu, daktari alimwambia waziwazi kwamba mimba nyingine ingeweza kumuua. Ditha akaomba afungwe uzazi. Akajibiwa kwamba hospitali ile haifanyi operesheni hiyo, aende kwingine atakapopona. Kwingine kulikuwa na foleni ndefu, naye alikuwa na mtoto mchanga na sufuria inayomsubiri. Akategemea vidonge vya zahanati. Mwaka jana, 2018, vidonge vikaisha, na kila alipokwenda kuuliza aliambiwa arudi mwezi ujao.

Julai mwaka huu alijua kwamba ana mimba. Alimwambia mumewe wakiwa wanamenya vitunguu, na Rodrigo akaweka kisu chini.

"Tutafanyaje, Ditha?"

"Kwanza tuulize kwa wenye elimu. Wao si ndio walioniambia nitakufa?"

Wakaenda pamoja hospitalini. Daktari alikuwa mama kijana, mpole, akampima presha mara mbili. Ilikuwa juu tayari. Ditha akamwomba amsaidie kuitoa mimba mapema, kabla mambo hayajaharibika.

"Dada yangu, siwezi. Nikikusaidia tutafungwa wote wawili. Uje kila wiki, tukuangalie."

"Na kifafa kikinianza, mtanitibu?"

"Hapo tutafanya kila tuwezalo."

"Kwa hiyo mnasubiri nianze kufa, ndipo mnisaidie nisife."

Daktari akaandika tarehe ya kurudi kwenye kadi. Rodrigo anasema walipotoka mle ndani ni Ditha aliyemshika mkono kuvuka barabara.

Hakumwambia mtu mwingine isipokuwa mdogo wake Florita, anayewasomea wasifu huu. Florita alimsihi asubiri, wamtafute daktari mwingine.

"Nimesubiri vidonge, Flor. Nimesubiri foleni. Hili tumbo halisubiri."

Mwishoni mwa Septemba alikwenda peke yake kwa mwanamke anayekanda matumbo. Akarudi amejikunja, akawaambia wenzake wa sokoni ni hedhi, akapika kama kawaida. Siku ya tatu alikuwa na homa kali na damu haikatiki. Bado alikataa hospitali. Aliogopa kwamba polisi watakuja na watoto wataona mama yao akichukuliwa. Rodrigo alimbeba kwa nguvu.

Kwenye mapokezi muuguzi aliuliza, mbele ya watu, "Umefanya nini? Nani kakufanyia? Usiposema hatukugusi." Akalazwa kwenye korido. Walioingia baada yake kwa mafua walitibiwa kabla yake. Yule daktari kijana alipoingia zamu na kumwona, alipiga kelele, watu wakaja mbio, dawa zikaletwa, damu ikatafutwa. Lakini maambukizi yalikuwa yamekwisha kuenea mwilini. Ditha alifariki tarehe 3 Oktoba 2019, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano.

Katika mkesha, baadhi ya jamaa walishauri wasifu huu useme amekufa kwa homa ya dengue. Walisema ni kwa ajili ya heshima ya watoto. Majirani wawili waliokuja kusali rozari waliondoka waliposikia minong'ono. Bi. Perpetua alikuwa ameketi karibu na jeneza, akiwafukuza nzi kwa upepeo. Kisha akasema: "Mwanangu hakuua mtu, wala hakufa kwa dengue. Someni alivyokufa. Kuna wasichana humu ndani."

Marehemu ameacha mama yake, Bi. Perpetua, mume wake, Rodrigo, watoto wake Liezel, Marivic na Anselmo, ndugu zake wanne, na wenzake wa sokoni, ambao leo hawakuwasha moto.

Liezel, Marivic, Anselmo: mama yenu alipokuwa bado anaweza kuongea, aliwaachia neno moja. Alisema, "Waambie sikwenda kule kwa kuwachoka. Nilikwenda ili nibaki nao."

Mungu ampokee kwa upole alioukosa kwetu, na apumzike kwa amani.