Esnah Nyanchera, Aliyesoma Slaidi Yake Mwenyewe

Wazazi wetu, wachungaji, majirani na wageni wote mliofika hapa Gesima, familia imenituma niwasomee maisha ya Esnah Nyanchera, mke wa Jethro Ogari.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956 huko Manga, mtoto wa tatu wa mzee Ishmael Obwocha, akasoma shule ya msingi papo hapo kijijini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1973, kisha akasomea kazi ya maabara Nairobi na kuajiriwa hospitalini mjini Kisii Mei 1977. Alifunga ndoa na Jethro tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa Kemuma na Bravin.

Mwaka 1993 alirudi kutoka kozi ya wiki mbili na jambo ambalo Jethro, mwalimu wa useremala, alielezwa mezani mpaka akalielewa: kwamba kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi hutengeneza protini ndogo, nayo huinasa protini inayoizuia seli isikue ovyo, ikaipeleka kwenye mtambo ambao seli hutumia kuvunjia protini zilizochakaa, hivyo seli yenyewe ikamvunja mlinzi wake. Tangu hapo alizunguka makanisani akiwasihi akina mama wapimwe, na yeye, kwa shughuli nyingi, hakupimwa.

Damu ilianza kumtoka Juni 1997. Daktari Payal, mwenye kliniki mjini, alichukua sampuli, lakini Nyanchera aliomba aipake kwenye slaidi, kile kioo chembamba cha darubini, aitie rangi na kuisoma mwenyewe, akakaa kwenye darubini muda mrefu, kisha akamwendea Jethro aliyekuwa akimngoja mlangoni, akamwambia, "Baba Kemuma, ni yenyewe." Jethro akauliza, kama wataalamu wanajua protini ile inavyofanya, mbona wasiizuie, naye akajibu, "Kujua wanajua. Dawa ndiyo hawana."

Mionzi ya kutibu saratani ilikuwa Nairobi, foleni ilikuwa ya miezi minne, na zamu yake ilipofika ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye figo. Jethro alimlisha uji kwa kijiko, akamgeuza kitandani, akamsomea barua za Kemuma kutoka bwenini, na hakuna hata moja kati ya hayo lililopunguza maumivu. Alifariki Jumamosi, tarehe 14 Februari 1998, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru Daktari Payal, wauguzi, wenzake wa maabara, na majirani waliombeba kwa machela hadi barabarani kila alipozidiwa. Jethro ameomba isomwe hapa kwamba alifanya kila alichoambiwa, na kwamba mpaka leo hajui alipaswa kufanya nini kingine.

Pumzika, Nyanchera, kwa amani ambayo sisi hatukuweza kukupa.