Viktori Nsengiyumva, Aliyeomba Mazishi Yasiyo na Chungu

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Usoke na ndugu mliotoka Ulyankulu, poleni na safari, poleni na msiba. Mimi ni Apolinaria, dada mkubwa wa marehemu. Kwa watoto wake ni shangazi. Nimeombwa kusoma wasifu, na nitausoma alivyoutaka mwenyewe, kwa hiyo yale maneno ya "aliugua kwa muda mfupi" msiyategemee. Mdogo wangu aliugua miaka kumi na minne. Na nyuma ya jiko kule nyumbani kuna chungu cha pombe ya mtama kinachotusubiri tutoke makaburini, ingawa aliomba kwa kinywa chake kisiwepo. Kwa desturi yetu, watu wakishanawa mikono, mtoto wa kiume wa marehemu ndiye anayevuta mrija wa kwanza. Mtoto huyo ni Onesimo, na Onesimo naye yuko kwenye matibabu ya pombe. Sasa mnajua kwa nini sauti yangu ni kali.

Marehemu Viktori Nsengiyumva alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Barabara ya Tisa, miaka miwili baada ya wazazi wetu kufika kutoka Burundi. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Gervasi na mama Yosefina, ambao wote wametangulia. Alibatizwa Pasaka iliyofuata.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1983 katika shule ya msingi ya hapo hapo makazini, akamaliza la saba mwaka 1989. Mama alikuwa anashinda shambani, hivyo Viktori alikwenda shule na mdogo wetu wa mwisho, Dismas, amefungwa mgongoni kwa kitenge. Mwalimu aliwakalisha karibu na mlango ili mtoto akilia watoke. Dismas alijifunza kuhesabu kabla hajaota meno yote, na Viktori alikuwa akijisifu kwamba ni mwanafunzi wake.

Mwaka 1993 alihamia hapa Usoke kulima tumbaku. Alikuwa mchapakazi, tena wa kupitiliza. Msimu wa kukausha, wakulima walimwita awaangalizie moto kwenye mabani, yale majumba ya kukaushia majani, na huko ndiko alikojifunza kunywa gongo ili asisinzie. Wakati huo hakuna aliyeona kuwa ni tatizo. Wote walikunywa.

Tarehe 26 Septemba 1998 alifunga ndoa na Esperansi, hapa hapa parokiani. Viatu aliazima kwa rafiki, vikambana vibaya sana. Misa ilipokwisha, bwana harusi alitoka kanisani peku, viatu mkononi, na bibi harusi akacheka mpaka shela likaanguka. Esperansi aliniambia jana niiseme hiyo, maana watoto wake hawamkumbuki baba yao akichekwa kwa furaha. Mungu aliwajalia watoto watatu: Stela, Onesimo na Bertila.

Ugonjwa wake ulianza Februari 2012. Bani alilokuwa analiangalia lilishika moto alfajiri, na Dismas, yule wa mgongoni, akaingia kuokoa majani. Paa likamwangukia. Viktori ndiye aliyemtoa, akiwa amekwisha kufa. Hakuna mtu aliyemlaumu, lakini yeye alijilaumu kila siku. Akawa halali. Akawa anamsikia mdogo wake akihesabu, moja, mbili, tatu. Akanywa ili asisikie, na alipokunywa akawa mtu mwingine. Tusidanganyane makaburini hapa: alimpiga mke wake. Kuna siku watoto walilala kwa jirani yetu Bi Maua wakiwa na nguo za shule mwilini.

Ukoo haukukaa kimya. Vikao viliitishwa, akala kiapo mbele ya wazee, akakivunja. Akaapishwa tena. Akapelekwa kwa mganga, akachanjwa, akaambiwa ni mzimu wa Dismas unadai. Akapelekwa kwenye maombi, akawekewa mikono. Kila aliporudi kwenye chupa tulisema hana nia. Jamani! Mtu alikuwa anaumwa, sisi tunamwongezea aibu.

Aprili 2022 muuguzi wa zahanati alimwambia Esperansi kwamba Tabora mjini kuna kliniki ya afya ya akili, na kuna mnasihi, Bi Shamila, aliyesomea kazi ya kuzungumza na watu wa namna hii. Mimi ndiye niliyemsindikiza mpaka kwenye kliniki hiyo, mtaa wa Cheyo. Viktori alikaa kwenye kiti, kofia magotini, akasema, "Dada, mimi siyo kichaa. Nina usingizi mbaya tu." Bi Shamila akamjibu, "Basi tuanze na huo usingizi." Hapo akalia. Nilikuwa sijamwona akilia tangu tumzike Dismas.

Daktari alimlaza kwanza, kwa sababu mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kufa. Alipotoka akawa anakwenda Cheyo kila baada ya wiki mbili. Baadaye alikwenda na mkewe, na mbele ya Bi Shamila alimwomba msamaha kwa kutaja kila jambo kwa jina lake. Esperansi hakumsamehe siku hiyo. Alimsamehe taratibu, na alikuwa na haki ya kuchelewa. Hapa mtaani mlisema anakwenda kwa vichaa. Yeye alikuwa anajibu, "Ndiyo, na usingizi ninapata." Miaka miwili na zaidi hakuonja kitu.

Tarehe 15 Juni 2024 ilikuwa siku ya posa ya Stela, kule Ulyankulu. Mnajua inavyokuwa: baba wa binti na baba wa kijana wanavuta mirija kwenye chungu kimoja, na asiyevuta anawaambia wakwe kwamba hawaamini. Viktori alisimama, akasema aliyofundishwa: "Wakwe zangu, mimi ni mgonjwa wa pombe. Nipeni maji, heshima yenu iko pale pale." Wakwe wakatazamana. Mmoja akaanza kuvaa koti. Ndipo mzee mmoja wa ukoo wetu akamshikisha mrija na kumwambia, "Onja tu, unataka kumvunjia mwanao posa?" Viktori alimtazama Stela. Stela alikuwa anatikisa kichwa, baba asinywe. Akanywa.

Hakurudi nyumbani mpaka wiki ikaisha. Bi Shamila alipopiga simu hakupokea, aliona haya, na haya hiyo ilimweka mbali na Cheyo mwaka mzima. Aliporudi, macho yalikuwa ya njano. Bi Shamila alimwambia ile miaka miwili haikupotea, na yeye akasema, "Lakini ini limepotea, dada." Na kweli. Tumbo lilijaa maji, akatapika damu, akalazwa Januari mwaka huu. Hata wodini Bi Shamila alikwenda kuzungumza naye, na safari hii Viktori alimwomba ampokee Onesimo. Nilikuwepo. Alituambia, "Nikifa msiweke chungu. Mtamshikisha mwanangu mrija kama mlivyonishikisha mimi." Alifariki Jumatatu tarehe 9 Februari 2026, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa kwa Esperansi.

Marehemu ameacha mjane, Esperansi, watoto watatu, Stela, Onesimo na Bertila, mjukuu mmoja, mimi dada yake, na baba yetu mdogo, mzee Prosperi. Onesimo ana wiki tatu bila pombe. Mwangalieni kwa macho mema.

Hayo ndiyo yaliyochapwa kwenye ratiba mliyoshika. Haya yanayofuata nimeyaandika kwa kalamu leo asubuhi.

Chungu mlichokisoma humo hakipo tena. Jana jioni baba mdogo Prosperi aliomba asomewe karatasi hii. Nilipofika kwenye posa akaninyamazisha kwa mkono. Akasema, "Umeandika mzee mmoja. Huyo mzee ana jina. Waambie ni Prosperi." Nikamwambia nitasema. Basi nimesema. Leo kulipokucha, wapishi wanasonga ugali, alikipindua chungu kwenye migomba mbele yao wote, akakalia kitako chake. Mama mmoja akamuuliza wageni watakunywa nini. "Chai," akasema. "Hamjawahi kuiona?"

Kisha akaniita pembeni. Mikono ilikuwa inatetemeka, na nilidhani ni uchungu wa msiba, mpaka nilipokumbuka kwamba tangu tuanze matanga hakuwa amevuta mrija hata mara moja. Mzee wa miaka sabini na mmoja. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Apolinaria, yule dada wa Cheyo, anapokea na wazee?"

Bi Shamila yupo hapa, amekaa na akina mama. Nimemwuliza. Anapokea.

Viktori, mdogo wangu, lala usingizi ulioutafuta. Huko uliko hakuna wa kukushikisha mrija.