Mwaka Niliokatazwa Kushuhudia

Ndugu zangu, asifiwe Bwana aliyenifunga mdomo mwaka mzima na leo ameufungua!

Mnacheka, na mna haki. Wengi wenu mnanijua kwa jina la Diploma, na jina hilo nilijipa mwenyewe. Niliporudi kutoka Nairobi, kila niliyemsalimu kati ya hapa Malaba na kwetu Khunyangu alijua kabla hajauachia mkono wangu kwamba nina diploma ya uendeshaji wa biashara, kwamba niliisomea jioni huku nikifanya kazi mchana, na kwamba sikurudia mtihani hata mmoja. Yote hayo ni kweli. Diploma iko ukutani kwangu, ndani ya kioo, na wageni huonyeshwa. Sikuja hapa kuikana. Nimekuja kuwaambia jinsi mtu aliyesomea biashara alivyoipita biashara yake kila siku barabarani bila kuiona, na jinsi Mungu alivyomgeuza shingo akaiona.

Nairobi nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha kushona mahema na maturubai ya malori. Nilikaa hapo miaka sita. Nilijua kitambaa kizito na chepesi kwa kukigusa tu. Nilijua uzi upi huoza kwa jua na upi haukubali maji. Saa ya chakula mafundi walinifundisha kushona kwa mkono, kwa sababu nilipenda kuwabishia na wao walipenda kuniumbua. Lakini hayo sikuyaita elimu. Elimu yangu ilikuwa ile ya jioni, ya kalamu. Kiwanda kilipopunguza watu nikapunguzwa nami, nikajiambia ni vizuri, sasa nitakuwa mkurugenzi wa kwangu.

Tukaja Malaba kwa sababu mke wangu, Mama Ruth, ni mtu wa Moding na jamaa zake wako karibu. Yeye alikuja na cherehani yake. Mimi nilikuja na mipango.

Ndugu zangu, mpaka huu wetu na Uganda mnaujua. Watu wakikutana asubuhi, wakimaliza salamu wanaulizana, nini inatembea? Leo ni samaki, kesho ni mchele, keshokutwa ni kitenge. Nami nikaona kuwa kusikiliza kinachotembea ndiyo akili ya soko. Nilianza na taipureta. Nikafungua kibanda karibu na forodha niwachapie watu barua, nikasimama mahali hapa hapa nikashuhudia kwamba Mungu amenipa ofisi. Mliimba. Mama mmoja alilia. Kabla miezi minne haijaisha nikasikia omena, wale dagaa wa ziwani, inatembea, nikauza taipureta, nikasimama tena nikashuhudia omena. Baada ya omena ikawa mitumba. Baada ya mitumba wakawa kuku wa kutoka ng'ambo, ambao walikuja na ugonjwa wao wakafa wote, na hao nilikuwa nimeshawashuhudia wakiwa hai.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na leo naweza kulieleza. Nilikuwa nikisimama hapa na kusema Bwana amenipa biashara, nanyi mnaitikia, moyo wangu unashiba. Narudi nyumbani nimeshiba kama mtu aliyetoka karamuni, na kumbe chakula hakijapikwa, hata moto haujawashwa. Jumatatu biashara yenyewe inaniomba jasho, na mimi sina njaa tena. Sifa nimeshakula. Ndipo nikawa natafuta wazo lingine, si kwa sababu la kwanza lilikuwa baya, ila kwa sababu wazo jipya lingenipa Jumapili nyingine.

Na miezi hiyo yote nyumba yangu ilikula kutoka kwa cherehani. Mama Ruth alikuwa akishona sare za shule karibu na dirisha, wakati mimi nachora mipango mezani. Kama cherehani ile isingekuwepo, mtoto wangu asingekula. Hilo mlijue, kwa sababu ndiyo mashine iliyokaribia kupotea.

Rafiki yangu Wandera, ambaye ni mfanyabiashara wa kuvusha vyakula, aliniambia maharagwe ya Uganda inatembea, na anatafuta mtu wa kuingia naye. Nilichokosa ni mtaji. Nikaangalia nyumbani, nikaona kitu kimoja tu cha kuuza. Sikumwambia mwenye nacho. Jumapili nikasimama, nikashuhudia mara ya tano. Nikasema Bwana amenifungulia mlango wa maharagwe, na kwamba mimi na mke wangu tumekubaliana kwa imani kutoa cherehani yetu.

Ndugu zangu, hamkukubaliana na mimi siku hiyo. Hakuna aliyeimba. Mama Ruth alikuwa ameketi benchi la tatu upande wa akina mama, na ndiyo mara yake ya kwanza kusikia. Alimfunga Ruth mgongoni, akainuka, akatoka.

Baada ya ibada mchungaji alinishika mkono tukasimama nyuma ya kanisa. Alikuwa mtu wa reli kabla ya kuitwa, hana maneno mengi.

"Ndugu Barasa," akaniuliza, "umetushukurisha kwa biashara nne. Iko wapi moja tuiangalie?"

Nikaanza kumweleza hali ya soko. Akaningoja nimalize.

"Sasa nakuomba kitu. Usisimame tena kushuhudia biashara mpaka mwaka mzima uishe kuanzia leo. Fanya kazi yoyote, lakini kanisani usiitaje. Kama ni ya Mungu, itaishi bila sisi kuipigia makofi."

Niliona amenidharau. Mtu wa reli, ananifundisha biashara mimi! Nilienda nyumbani nikiwa na hasira tayari kumweleza Mama Ruth, nikakuta amefungasha. Kesho yake asubuhi akaita bodaboda ya baiskeli, akafunga cherehani kwenye kiti cha nyuma kwa mpira, vizuri, kama anavyofungwa mgonjwa. Yeye mwenyewe akatembea nyuma ya baiskeli, mtoto mgongoni, akienda kwa baba yake Moding. Aliniambia jambo moja.

"Baba Ruth, mimi sijakuacha. Nimeificha hii mashine."

Nilibaki na meza, mipango, na diploma.

Siku ya tatu nilitoka kwenda kwa Wandera. Nilivaa koti langu la suti, kwa sababu nilitaka kumwomba anichukue bila mtaji, na niliona koti litanisaidia kuongea. Foleni ya malori siku hiyo ilikuwa ndefu kupita kawaida, na mvua ya saa tisa ilikuwa imeanza kudondoka. Nikapita lori la sukari. Dereva wake, mzee wa Mombasa, alikuwa juu ya mzigo anapambana na turubai lililochanika kama urefu wa mkono, analishona kwa kamba ya katani. Sikukusudia kusimama. Lakini miaka sita haikuniruhusu kupita.

Nikamwambia mshono ule utavuja. Kamba inakunywa maji na kuyapeleka ndani.

"Wewe ni fundi, mzee?"

"Mimi nina diploma."

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi ipande huku juu, iizuie mvua."

Watu waliokuwa chini ya lori wakijikinga walicheka sana. Nami nilikasirika, nikakimbia nyumbani. Kwenye droo chini ya vyeti vyangu kulikuwa na sindano nene niliyopewa na fundi mmoja siku tulipoagana kiwandani, pamoja na bonge la nta na uzi. Sindano ile nilikuwa nimeitumia mara moja tu, kutoboa mkanda wangu nilipokonda wakati wa omena. Nikarudi nayo. Nikapanda juu na koti langu. Nikapaka uzi nta, nikaweka kiraka upande wa ndani, nikakunja ukingo mara mbili, nikashona kama nilivyoumbuliwa saa zile za chakula. Mvua ilitukuta tukiwa juu, ikatunyeshea yote. Ilipokatika, dereva akaingiza mkono chini ya kiraka, akauacha hapo kitambo, kisha akanionyesha kiganja. Kilikuwa kikavu.

Alinilipa, lakini si hilo nililorudi nalo nyumbani. Nilirudi nikiwaza kwamba sikuwa nimemshawishi mtu yeyote. Biashara zangu nne zote nilizianza nikiwatafuta watu niwaambie wanachohitaji. Huyu alikuwa anahitaji kabla sijafika. Na asubuhi nilipofungua mlango, madereva wawili walikuwa wamesimama nje wanauliza nyumba ya yule mzee wa koti.

Jumapili ikafika. Ndugu zangu, hamjui nilivyoteseka! Kiongozi akasema aliye na ushuhuda asimame, na miguu yangu ikataka kunyanyuka yenyewe. Niliikalia mikono yangu miwili. Mwaka ule wote, wakati wa shuhuda, mimi niliikalia mikono. Mtu akiniuliza nje siku hizi unafanya nini, nilijibu, niko tu. Mimi, Diploma, nasema niko tu! Lakini nikaona ajabu. Jumatatu nilikuwa nikiamka na njaa. Yale maneno niliyoyameza yalikuwa yakitoka kwenye sindano.

Wandera alikuja mara mbili. Mara ya pili alinikuta nimeketi chini kando ya barabara, turubai limenifunika magoti.

"Diploma, vitunguu inatembea wiki hii, na wewe umekaa hapa unashona kama mama?"

Nilimwambia vitunguu iende salama. Yeye alicheka, nami nikacheka, lakini alipoondoka niliangalia lori alilopanda mpaka likapotea. Sitawadanganya kwamba moyo haukwenda nalo. Kuchagua kazi si siku moja. Mimi nilichagua maturubai siku ile, na nikayachagua tena kila mara kitu kingine kilipotembea.

Mwezi wa tatu tangu aondoke, nikaenda Moding. Mama Ruth alinipokea vizuri, akanipa kiti na uji. Baba yake akauliza habari za kazi, na ulimi wangu ukajaa. Nikajizuia. Nikasema tu tunaendelea, mzee. Mke wangu akaniangalia kwa mshangao, maana hajawahi kuniona nimefika mahali bila mpango. Alipokuja kuchukua kikombe aliona vidole vyangu, jinsi sindano ilivyovitoboa. Alivigeuza, akaviangalia juu na chini, akaenda na kikombe. Sikumwomba arudi. Nilijua nikifungua mdomo nitaanza kuhubiri.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa nimeinama kwenye turubai la lori la saruji, nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Kisha akasema, "Baba Ruth, mshono wako umepinda."

Kweli ulikuwa umepinda. Akachukua sindano mkononi mwangu, akanyoosha. Jumamosi ile ile baiskeli ikatoka Moding, na cherehani imefungwa kwa mpira kwenye kiti cha nyuma. Haiwezi kitambaa kizito, lakini inashona mapazia ya vyumba vya madereva na mifuko ya kamba zao, na mimi mwenye diploma sikuwa nimefikiria mapazia. Aliyefikiria ni yeye.

Mwaka uliishaje? Sijui. Siku moja mchungaji alipita kwenye kibanda tulichojenga kando ya barabara, akatukuta watu wanne tunashona, sisi wawili na vijana wawili tuliowaajiri, akaketi kwenye rundo la maturubai.

"Ndugu Barasa, mwaka wako uliisha mwezi uliopita."

Sikuwa nimeona. Mimi niliyeanza nikihesabu kila Jumapili kama mfungwa! Hapo ndipo nilijua nimefunguliwa.

Kwa hiyo namshukuru Mungu kwa kibanda, kwa mchungaji asiye na maneno mengi, kwa dereva wa Kiislamu aliyenicheka kwa wakati wake, na kwa mwanamke aliyeificha mashine kwa mumewe mpaka mume akapona. Diploma nayo naishukuru, msinielewe vibaya. Inanisaidia kupanga bei.

Na wewe uliyekaa hapo nyuma, ndugu au dada, uliyekuja leo na wazo linakuchoma kifuani, unangoja nimalize ili usimame: nakusihi kwa upendo, likalie. Mtegemee Bwana kwa mikono kwanza. Angalia ni kitu gani ulikijua zamani ukakiona kidogo, na ni nani anakihitaji kabla hujamwambia. Kifanye wanapokucheka. Kifanye kitu kingine kinapotembea. Halafu mwakani njoo usimame hapa, na mimi nitakuwa wa kwanza kukuimbia.

Ningependa kuendelea, mnanijua. Lakini tangu nianze kusema naona kupitia dirisha hilo wingu la mvua limekaa juu ya mwamba wa Tororo kule Uganda, foleni inafika mpaka kwenye reli, na Mama Ruth ameshatoka nje na sindano. Niombeeni, niruhusuni niende.