Historia ya Fundi Chaki, Mhunzi wa Mageti

Ndugu, majirani na wote mliokuja kutushika mkono, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Chaki kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na muuza mkaa, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, na Januari 1972 akapelekwa kwa mjomba wake mhunzi, ambako alivuta mivukuto ya kupulizia moto miaka miwili kabla ya kuaminiwa nyundo.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto watatu, na mama amesisitiza isomwe kwamba geti la mhunzi huyu mwenyewe lilikuwa bati na waya kwa miaka kumi na moja.

Karakana yake aliifungua tarehe 3 Juni 1984, na kila geti alilichora kwanza sakafuni kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi, kisha kila chuma kilichotoka motoni kikalazwa juu ya mchoro hadi kikubaliane nao, na aliyemletea picha kwenye simu akitaka geti kama la fulani alijibiwa, "Geti ni uso wa nyumba, bwana, na uso hauazimwi."

Binti yake wa pili ndiye aliyemfuata kwenye nyundo na fuawe, na ndiye aliyesimamisha ukutani, tarehe 20 Januari mwaka huu wa 2025, milango miwili ya geti la mkunga mstaafu, yenye matawi yaliyopaswa kukutana katikati, akaona yote yanaelekea kushoto, kwa kuwa baba alifua mlango wa pili juu ya mchoro uleule bila kuugeuza, kosa ambalo hata mwanagenzi wa mwezi mmoja halifanyi. Binti alilifunika geti kwa turubai, baba akalifunua, akayafuata matawi kwa kidole, akasema, "Mwanangu, nipelekeni hospitali."

Madaktari walikuta uvimbe kichwani. Kitandani aliomba jambo moja tu, mlango ule ufuliwe upya, lakini binti hakuwasha moto kwa miezi mitatu, maana aliona kulimaliza geti ni kumruhusu baba aondoke. Aliuwasha tarehe 5 Mei, na tarehe 8 jioni baba akamuuliza, "Yanakutana?" naye akajibu, "Yanakutana, baba." Marehemu alifariki kesho yake, Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri.

Binti ameomba tuseme mbele yenu kwamba jibu lile halikuwa kweli, mlango ulikuwa bado nusu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, mkunga aliyesubiri bila kuuliza, na wahunzi wenzake walioacha kazi zao wakasimama na binti huyu kwenye moto siku mbili mfululizo, hadi geti likafungwa mahali pake leo asubuhi, na matawi yamekutana.

Lala sasa, Fundi, kazi imefika kwa mwenyewe.